Kopo Lililotiwa Kalafati

Mimi sikuolewa nikae ndani ya kopo, lakini ndimo nilimokaa, tena miaka miwili. Mwishoni mwa miaka ya sabini mume wangu alipata kazi ya kusomesha katika mji wa Sur, bandari ya majahazi huko ng'ambo, na nyumba ya serikali ikawa kila siku wiki ijayo, inshallah. Basi akanunua karavani, kijumba cha bati chenye magurudumu, kwa Mzungu aliyekuwa akijenga barabara na sasa anarejea kwao. Lilikuwa zee, limeshaburutwa na magari mpaka limechoka. Mume wangu akaliingiza kwenye ua tuliokodi kwa furaha kama kaniletea kasri, nami nikamwambia Mungu akulipe, maana ndoa ilikuwa bado changa.

Mvua ya kwanza ilituumbua. Maji yaliingia pembeni mwa dirisha, yakanywewa na mbao za ndani, ukibonyeza ukuta kidole kinazama. Ukaja uvundo. Kanga zangu nilizotoka nazo Unguja, ambazo hata kuvaa nilikuwa nazionea huruma, zikafanya kawa, madoa meusi ya ukungu. Nilitukana, sisemi uongo. Lakini kanga ni kitambaa tu. Lililonitia kiwewe ni kifua cha binti yetu wa mwaka mmoja na nusu, kilichoanza kulia kama paka kila anapolala. Daktari, Mhindi mpole, alisema dawa atatoa, ila mtoto akiendelea kulala penye ukungu ule hatapona.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa akikaa Nizwa, kwenye hewa kavu na nyumba yenye kuta nene. Akatuma salamu kwamba Alkhamisi ya wiki ya pili anakuja kumchukua mjukuu wake mpaka tupate nyumba. Hakuwa na ubaya, na angemlea vizuri. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hiyo nyumba ya serikali ingeweza kuja mwakani au isije kabisa.

Sasa watu wa Sur, ukiwaambia kitu kinavuja, dawa wanaijua moja tu. Mume wangu akamleta jirani yetu, mzee fundi wa kalafati, aliyeziba majahazi ujana wake wote. Mzee akalizunguka karavani akiligonga kwa vidole, akasema hili litaelea mpaka Bombay. Siku mbili alisindilia pamba iliyolowa mafuta katika kila ufa. Alipoona matundu sakafuni na mengine darini, yenye wavu mdogo, akashangaa ni Mzungu gani huyu anayetoboa chombo chake mwenyewe, akayaziba nayo. Sote tulimshukuru. Mimi nikafukiza udi, nikafunga madirisha moshi usitoke, nikaanika nguo za mtoto humo humo ndani zisiingie vumbi.

Maji ya nje hayakuingia tena hata tone. Ila Jumamosi naamka, dari inadondoka maji. Vioo vinatiririka, godoro limelowa kwa chini, na mtoto anakohoa mpaka anatapika. Mume wangu akasema fundi aje aongeze pamba, akaenda zake skuli.

Mchana nilikuwa napika wali. Nikafunua kifuniko, maji ya moto yakanichuruzikia mkononi, nikaruka. Nikakitazama kile kifuniko, kisha nikaitazama dari. Lo, humu ndani tulikuwa tunapikwa! Pumzi zetu, birika, wali, nguo mbichi, vyote vilikuwa vinapanda na havina pa kutokea. Nikachukua kisu, nikapiga magoti, nikaanza kuchokoa pamba ya sakafuni.

Mume wangu alinikuta hivyo akafoka, ati namharibia mzee wa watu kazi yake. Nikamjibu kwamba mzee hajalala humu, na nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

"Nyufa kaziba sawa," nikamwambia. "Lakini haya matundu ni pua. Mmemziba pua mwanangu."

Akavua kanzu akapanda juu kuyachokoa ya darini. Jiko tukalitoa uani, nguo nikaanika juani, godoro likasimamishwa nje kutwa. Jumatatu vioo vilikuwa na umande kidogo tu. Jumatano nilivipitisha kiganja mara tatu, siamini, vilikuwa vikavu.

Alkhamisi mavyaa akafika. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kahawa. Nguo za mtoto nilikuwa nimeshazifunga kifurushi, maana adabu ni adabu. Akampakata mjukuu wake, akamlazia sikio mgongoni, akasikiliza muda mrefu. Nilisimama mlangoni.

"Bado kidogo," alisema, "lakini hewa inapita." Akanitazama mimi, si mwanawe. "Mwanangu, fungua hicho kifurushi."

Alhamdulillahi! Nilishika fundo, likanishinda. Akalifungua mwenyewe, akanipa nguo moja moja nizirudishe mahali pake.