Maganda ya Karanga

Kabla ya Uhuru nilikuwa mfagiaji wa wodi ya watoto, Shinyanga. Siku moja daktari alisema mtoto wa mama mmoja wa Tinde amejaa maji kwenye moyo, na kwamba atayatoa kwa sindano ndefu. Mtoto akaingizwa ndani, mlango ukafungwa. Mama yake akabaki nami barazani.

Majirani zake wakaja kumfariji. Wakajitanda kanga kichwani, wakakaa chini na kunyoosha miguu, kimya, kama wanawake wanavyokaa msibani. Yule mama alipowaona akapiga yowe: "Mmeambiwa nini? Amekufa?"

Nilipandwa na hasira. "Mmekuja kumlilia mtoto aliye hai?" Walikuwa wameleta kapu la karanga. Nikazimwaga katikati yetu. "Menyeni!"

Kwetu Usukumani mtu akifa kazi husimama mpaka azikwe, na mama huyo alilijua hilo.

"Tazama mikono yetu, mayu, mama yangu," nikamwambia. "Ingekuwa amekufa, tungemenya?"

Akaitazama. Afadhali hakututazama usoni, maana hata mimi niliyekuwa nafoka nilikuwa na hofu machoni.

Karanga zikaisha, na mlango bado haujafunguliwa. Hakuna aliyethubutu kusimamisha mikono. Tukaendelea kuvunjavunja maganda matupu, na mama naye akachukua konzi lake akavunja, mpaka tuliposikia mtoto ndani akilia na kumwita.