Ng'ombe Wangu Aliyegeuka Injini

Mkono wangu wa kushoto haunyooki. Hapa Bugwema watu wakiniona nabeba ndoo upande mmoja huniuliza kama nilianguka. Nawajibu kwamba nilikuwa na hisa kwenye kampuni.

Niliolewa Murangi, kando ya ziwa, na mvuvi aitwaye Magesa. Mara ya kwanza alinipiga kwa kafi lililokuwa bado linachuruzika maji, kwa sababu nilicheka na mnunuzi wa samaki. Nilikimbilia kwa baba. Baba alinipa uji, akanirudisha kesho yake, akitembea mbele bila kugeuka. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wameshamwoa mke wa kaka yangu Renatus. Kwetu mwanamke harudi nyumbani mpaka ng'ombe warudi kwanza, na baba hakuwa na ng'ombe wa kurudisha.

Nilirudishwa hivyo mara nyingi. Kila nikirudishwa, Magesa alinipokea vizuri mbele ya baba, kisha baba akishapotea njiani anafunga mlango.

Renatus aliona aibu. Siku moja alinikuta natema damu nyuma ya nyumba yake, na tangu hapo akaanza kulipa. Kila akipata ng'ombe, alimswaga hadi Murangi akamkabidhi Magesa mbele ya wazee. Ilimchukua miaka. Mke wake alimnunia, watoto wake walikosa maziwa. Akafika mahali akabaki na mbuzi tu, na deni likabaki la ng'ombe mmoja. Wazee wakasema mmoja naye ni ng'ombe. Mpaka huyo arudi, mimi ni mke wa Magesa.

Na huyo mmoja nilikuwa naye. Nilimnunua mwenyewe, mtamba mwekundu, kwa sangara niliowakausha kwa moshi na kuwauza Bunda. Lakini kabla Renatus hajaanza kulipa, mtamba wangu alikuwa amegeuka injini.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, watu wakaambiwa kila mwenye uwezo afanye biashara. Apolinary, aliyewahi kuwa karani wa pamba Bunda, akaita wanakijiji akasema Murangi tuanzishe kampuni yetu ya umeme. Pesa hatuna, akasema, ila ng'ombe tunao. Kila mtu alete ng'ombe mmoja, awe na hisa moja. Magesa alimtoa mtamba wangu zizini mimi nikiwa Bunda, akampeleka. Jirani yangu Marieta ndiye aliyesimama pale akasema, "Huyo ni wa Hyasinta. Murangi nzima inajua." Basi hisa ikaandikwa kwa jina langu. Magesa alipofika nyumbani alibomoa tanuri langu la kukaushia samaki, akaniburuza juu ya makaa yake. Makovu ninayo mgongoni.

Ng'ombe wale waliuzwa mnadani, ikanunuliwa injini ya dizeli iliyotumika. Miaka ya mwanzo taa ziliwaka sokoni, na majokofu ya samaki yakaunguruma. Faida kidogo iliyogawiwa kwa hisa yangu aliichukua Magesa. Halafu dizeli ikapanda, ikapanda tena, vipuri vikawa havipatikani, na injini ikawa inawashwa siku za gulio tu.

Msimu mmoja wanunuzi wa sangara wakatulipa deni lao lote la umeme kwa mkupuo. Ndipo Apolinary akaitisha mkutano bandani, palepale ilipokuwa injini. Alikaa juu ya pipa, mkoba wa pesa magotini. Fundi alikuwa ameifungua pampu ya dizeli asubuhi ile kuisafisha, akaiacha kwenye bakuli la mafuta ya taa.

"Kampuni ni mgonjwa," Apolinary akasema. "Pesa hizi ndizo zilizopo. Tunaweza kugawana gawio, kila mwenye hisa apate kidogo na hisa yake ibaki. Au kampuni inunue hisa za wanaotaka kutoka. Anayetoka anapewa bei ya ng'ombe, anakwenda zake. Sehemu yake inabaki kwetu tunaoendelea."

"Mnabaki na nini?" Marieta akauliza. "Moshi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa ng'ombe wengi, Jilala, akanyanyua fimbo yake akaomba nafasi.

"Mwenyekiti, mimi nataka kutoka. Ila unasema bei ya ng'ombe. Ng'ombe yupi? Wangu aliingia hapa mtamba, sasa ana miaka sita kwenu. Mwanamke akiachika, ng'ombe anarudi na ndama zake. Wa kwangu amezaa mara ngapi?"

"Mzee, yule ng'ombe alichinjwa Bunda. Huyu hapa ni injini."

"Sikukupa umchinje. Nilikupa umfuge."

"Injini haizai, mzee."

"Basi mbona gawio mlikuwaga mnatupa? Yale yalikuwa maziwa ya nani? Ng'ombe asiyezaa anatoa maziwa?"

Apolinary alicheka. Alikosea sana kucheka. Wanaume waliokuwa wamechuchumaa walisimama, maana kila mmoja wao alikuwa akihesabu ndama kichwani tangu siku alipoacha kamba ya ng'ombe wake mkononi mwa kampuni, na sasa waliambiwa ndama hawapo na hawakuwahi kuwepo.

Nikasema, "Mimi sidai ndama."

Wakanigeukia, kwa sababu sikuwahi kusema mkutanoni.

"Gawio mkitoa leo, injini itakosa dizeli kesho, na mwaka kesho hakuna gawio wala injini. Atakayetoka atoke na ng'ombe wake mmoja kama alivyoingia, pesa zinazobaki zinunue dizeli. Mimi nataka kutoka."

"Umesikia akili za mke wangu?" Magesa akawaambia wenzake. Alikuwa ameegemea nguzo, anachokonoa meno. "Anataka anirudishie ng'ombe, halafu aende kwao. Anataka kampuni inilipe mahari yangu. Nyie mtakubali? Leo wa kwangu, kesho wenu. Mwenyekiti, gawa gawio. Kila mtu apate chake tukanywe."

"Hisa ni ya mama Masatu," Apolinary akasema. Masatu ni mwanangu wa kwanza.

"Na mama Masatu ni wa nani?"

Apolinary akasema tupige kura. Wanaotaka kampuni inunue hisa, wanyooshe mikono. Nikanyoosha wa kushoto, kwa sababu wa kulia nilikuwa nimeshikilia kanga. Marieta akanyoosha. Wengine wakaanza kunyoosha, mmoja mmoja, na nikaona kwamba tunashinda.

Magesa aliukamata mkono wangu ukiwa bado juu. Aliuvuta chini akaulaza kwenye gurudumu la injini, akaukanyaga. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla ya maumivu, kama kuni mbichi. "Teremsha mkono," akasema, na mkono ulikuwa umeshateremka.

Marieta alimrukia shingoni. Ndugu zake Magesa wakamrukia Marieta. Jilala akamtandika Apolinary kwa fimbo kichwani akidai ndama, pipa likapinduka, mkoba ukaanguka, na baada ya hapo sikuuona tena wala hakuna aliyekiri kuuona. Pesa zilipokwisha kupotea wakaigeukia injini. Walikuja na nyundo, na mapanga, na spana za fundi. Kila mtu alitaka kuondoka na ng'ombe wake. Mmoja aling'oa rejeta, mwingine akakata nyaya, wawili wakapigania tangi mpaka mmoja akapoteza vidole. Magesa na ndugu zake walipiga kila aliyesogelea injini yenyewe, wakaifunga kamba wakaiburuza nje, wakipita juu ya Apolinary ambaye alikuwa amelala na hakuondoa miguu.

Mimi nilikuwa chini, uso karibu na bakuli. Pampu ilikuwa mle, haizidi ukubwa wa ngumi mbili. Niliichukua kwa mkono mzima nikaifunga kwenye kanga pamoja na ule uliovunjika. Nikatembea hadi kwetu Bugwema.

Magesa alipata mnunuzi, mtu wa Bunda aliyetaka injini kwa ajili ya mashine ya kusaga kule Butiama. Alikuja na fundi wake. Fundi akazunguka injini, akasema bila pampu hilo ni jiwe, na pampu ya aina hiyo hata Musoma mjini hakuna. Wakaondoka.

Ndipo Magesa, baada ya kuambiwa kwamba pampu ninayo mimi, akaja kwetu na ndugu zake. Renatus alisimama mlangoni na panga, na vijana wa ukoo wakasimama nyuma yake.

"Shemeji, nimefuata mke na chuma changu," Magesa akasema.

"Chuma si chako," nikamjibu nikiwa ndani. "Ni hisa yangu. Waite wazee. Ipokee mbele yao kwamba ndiye ng'ombe wa mwisho."

"Chuma siyo ng'ombe."

"Alipopelekwa kwenye kampuni alikuwa ng'ombe. Ulimpeleka wewe."

Alifikiri. Nilijua anamfikiria mnunuzi wa Bunda, na pombe. Akakubali.

Wazee walikaa uani kwetu, wa kwake na wa kwetu. Nilitoka na pampu nikamkabidhi mwenyewe, kwa mkono wa kulia, kwa heshima yote. Aliipima mkononi, akaigeuzageuza. Wazee wakangoja aseme neno moja tu, kwamba amepokea. Akanipiga nayo mdomoni.

Nilianguka. Renatus alinyanyua panga, na wazee wakamshika, wa kwetu na wa kule pamoja. Mkubwa wao akasema, "Tulia. Bado hajasema, huyu bado mke wake." Renatus akatulia. Hakuna aliyeniinua.

"Nimepokea," Magesa akasema.

Wakaanza kuinuka, wakijipangusa vumbi, wakiulizana habari za pamba. Mimi nikatema meno mkononi. Nikawaambia wakae. Mdomo haukutaka kutamka vizuri, nikarudia mpaka wakanielewa. Wakakaa. Nikamwambia Magesa aseme tena, kwa sauti, kila mmoja asikie.

"Nimepokea," akasema mara ya pili, akiangalia pembeni.

Nikamshika Renatus begani nikasimama, nikalichukua panga lake. Sasa sikuwa mke wa mtu. Magesa alilitazama panga, akawatazama wazee, na wazee wakatazama chini. Akatoka uani kinyumenyume na pampu yake kifuani, mpaka barabarani.