Mbwa wa Bibi wa Kuingia Shimoni

Mwezi uliopita nilialikwa kipaimara Lufingo, nyumbani kwa mama mmoja ninayefanya naye kazi. Nikiwa nanawa mikono ili tuanze kula, kikatokea kijibwa nyuma ya jiko, pua imejaa udongo, ndevu zimesimama kama ufagio wa zamani. Nikabaki na sabuni mikononi. Zile ndevu nilizijua, rafiki yangu, maana nimelelewa nazo.

Nilikulia kijijini Kyimo, kwa bibi mzaa mama, kwenye nyumba ya bati ambayo mvua ikianza hamsikilizani. Nakumbuka harufu ya moshi kwenye mablanketi, ndizi zikichemka pamoja na maharage, na kazi yangu ya kila asubuhi: kuwapelekea mbwa chakula kabla mimi mwenyewe sijanywa chai. Nikinung'unika, bibi alisema, "Wewe umelala, wenzako wamelinda magimbi." Wala hakuwa anatania. Nungunungu wa bonde lile wakiliamulia shamba, wiki moja tu hamna kitu, na magimbi yale ndiyo yaliyotulisha na kuninunulia sare za shule.

Kumpata nungunungu shimoni kulihitaji mbwa wa aina yake. Mbwa mkubwa anabaki nje anapiga kelele. Wa bibi waliingia wenyewe gizani, wakambana mnyama kwenye kona na kubweka bila kukoma, huku wanaume juu wametega masikio wajue pa kuchimba. Mbwa jasiri asiyebweka bibi hakumtaka kabisa; alisema huyo atazikwa huko huko.

Asili yao aliisimulia kama wengine wanavyosimulia ukoo. Baba yake alikuwa mpishi wa meneja wa Kizungu kwenye shamba la chai. Meneja alipoondoka alimwachia jike dogo lenye manyoya magumu, la kuwindia mashimoni huko kwao. Likazaa na mbwa wetu wa milimani, wale wembamba wasiojali baridi. Ndevu na ukaidi vilitoka upande ule, miguu na akili vilitoka kwetu, na kwenye hilo bibi hakutaka ubishi. Kisha anahesabu mama kwa mama: Kijiko, Sindano, Tulia, mpaka Chale aliyelala miguuni pake.

Mbwa akishakua, bibi alimpima kwa mikono. Anamzungushia viganja viwili kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Vidole vikikutana, ataingia shimoni. Visipokutana, akalinde kuku. Mimi nilijaribu vyangu, havikukutana hata kwa paka. Na watoto wa mbwa hawakuuzwa. Ulipewa kwa sharti moja tu: wako akizaa, jike moja linarudi Kyimo.

Sasa sikia nilichofanya. Chale alikuwa kwenye siku zake za kutafuta dume, na bibi alimfungia kwenye banda la kuni mpaka aletewe dume alilolichagua yeye. Akaenda kanisani kwenye kikao cha akina mama, akaniachia kazi moja: nisifungue. Jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi za mvua, kila nyumba imeanika maharage, na Chale analia humo ndani. Nikamhurumia. Nikasema aote jua kidogo tu. Jirani yetu, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alikuwa na dume kubwa kama ndama, analiringia mtaa mzima. Nadhani huhitaji kuambiwa kilichofuata.

Nikanyamaza. Miezi miwili baadaye wakazaliwa wanne, miguu minene kama ya watoto wa simba. Mwalimu akafurahi kwelikweli.

"Hongera bibi, umepata mbegu bora!"

"Ndaga fijo, mwalimu," bibi akamshukuru kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo ningekuwa mimi ndiye mwalimu ningeomba uhamisho.

Walipokua, mmoja alijaribu shimo, akakwama mabegani, na wanaume wakapoteza asubuhi nzima kumchimbua yeye badala ya nungunungu. Kijiji kizima kilicheka. Bibi hakucheka. Chale alikuwa amezeeka, ule ulikuwa uzao wake wa mwisho, na ule ukoo wa mama kwa mama ulikuwa unakatikia pale uani kwa mkono wangu.

Nilikiri tukiwa tunamenya ndizi. Nilingoja fimbo, naye akaendelea kumenya.

"Gwe mwana," akasema, "kumhurumia siyo kosa. Kosa ni kuninyamazia muda wote huu. Kesho uamke mapema, tunakwenda Masoko."

Tulitembea tangu umande haujakauka, tukala magimbi ya kuchemsha njiani, mpaka Masoko, kwa mzee mmoja karibu na ziwa ambaye zamani alipewa dada yake Chale. Hakutuuliza mengi. "Sharti ni sharti, mama," akamwambia bibi, kisha akakiweka kijike chenye ndevu mikononi mwangu mimi. Nilimtazama bibi nikidhani mzee amekosea. Bibi akasema nikishike vizuri, ni changu, nikilee mwenyewe, na kisipoingia shimoni lawama ni yangu. Kiliingia. Wapo waliorithi mashamba kwa bibi zao. Mimi niliaminiwa tena siku ile ile niliyostahili kunyimwa, na sijui ningekuwa mtu gani bila hiyo siku.

Bibi hayupo tena. Bonde la magimbi sasa ni miparachichi mistari kwa mistari, na nungunungu sijui walihamia wapi. Mbwa wa mwisho bibi aliwagawa alipozidiwa, mimi nikiwa chuoni, na sikuwahi kujua aliwapa nani.

Ndiyo maana pale Lufingo nilimuuliza mwenyeji wangu, "Huyu mmemtoa wapi?"

"Mama mkwe alipewa na bibi mmoja wa Kyimo, dada. Alituachia agizo akizaa turudishe jike. Sasa huyo bibi tukasikia amefariki, hatukujua tumrudishie nani. Basi kila uzao tunaweka jike moja, hatumpi mtu. Labda iko siku atakuja wa kuulizia."

Nikachuchumaa. Nikamzungushia yule kijibwa mikono kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, kama nilivyoona ikifanywa. Vidole vikakutana.

"Nimekuja," nikamwambia mwenyeji wangu.