Tamu kwa Sakafu

Jameni, leo nimeshika mshukiwa wa tangu miaka ya tisini.

Ni babangu.

Tukiwa wadogo hapa Kabianga, alikuwa anatusomea hadithi za upelelezi tukiota moto jikoni. Kila palipoandikwa "damu", yeye alisoma "tamu".

"Mpelelezi akawasha tochi, akaona tamu imejaa kwa sakafu!"

Sisi tunameza mate. Tulidhani ni asali!

Tulipokua tukamcheka sana. Si mnajua sisi Wakipsigis, D yetu hutoka T?

Sasa leo nimempeleka kliniki. Nesi akamuuliza, "Mzee, umekuja kufanyiwa nini?"

"Kupimwa damu."

D safi kabisa!

"Baba, kumbe unaweza?"

Akacheka chini ya kofia. "Siku hizo mama yenu alikuwa amelazwa. Mlikuwa mmemwona akitoka damu, mkakataa kulala. Ningewasomea hiyo neno aje?"

Wee! Miaka yote hiyo tukimcheka bure!

Nesi akatoa sindano. Nikafunga macho, maana mpaka leo naogopa.

Mzee akanishika mkono.

"Usiogope, mama. Ni tamu tu."