Programu Yangu Ilidanganya, Nikamtuhumu Bi Mkasi

Nimekosa, jamani! Naandika bila jina kwa kuwa hapa Pemba tunajuana, lakini kosa ni langu peke yangu.

Mimi ndiye niliyeandika programu ya kutunza taarifa za wagonjwa katika zahanati moja huku kaskazini. Haikuchukua muda, taarifa zikaanza kupotea. Si zote. Kila mara ni zile alizoingiza Bi Mkasi, karani wa mapokezi.

Nikamshuku! Si yeye aliyeikataa kompyuta tangu mwanzo? Nikawa namchungulia dirishani. Akicheka na mgonjwa, nasema moyoni: anafuta huyo. Akinyamaza: ana lake.

Nilipomuuliza, alijibu: "Mie sifuti kitu, mwanangu. Yenyewe huniambia imehifadhi."

Sikumwamini hata chembe.

Kisha mama mmoja wa Kiuyu akachomwa sindano ya dawa ambayo mwili wake huikataa. Bi Mkasi aliapa kuwa aliliandika jambo hilo. Halikuwamo! Yule mama alibanwa pumzi mbele ya watoto wake, Mungu tu alimnusuru. Mkuu wa zahanati akaniuliza kosa la nani. Bila hata kuikagua programu yangu, nikajibu: "La Bi Mkasi."

Akafukuzwa.

Siku ya kliniki ya wajawazito nikakaa mimi mahali pake. Watu tele, kompyuta imeelemewa. Nikaingiza taarifa, ikaniandikia "Imehifadhiwa". Nikaitafuta. Hakuna! Yarabi!

Kumbe programu ikiomba nafasi kwenye memori, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ikanyimwa, sikuiandikia la kufanya. Iliendelea kama vile imepewa, ikasema uongo. Na siku za watu wengi zamu ilikuwa ya Bi Mkasi.

Nilimweleza mkuu ukweli, nikaenda kwa Bi Mkasi, Gando, kuomba radhi. Alisimama mlangoni, hakunikaribisha.

"Simu yako iko wapi?"

"Mfukoni, Bi."

"Izime niione. Sijui leo umetumwa kunipeleleza nini."

Mkuu alimwita arudi kazini, akakataa.

Wenzangu mnaoandika programu, ikinyimwa memori isimame, iseme wazi kuwa haikuhifadhi! Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, kagua kazi ya mikono yako. Mie nilianza na mtu. Mpaka leo wapo Gando wanaosema Bi Mkasi nusura aue.