Baraza Lililokaliwa Kabla Halijakauka

Saruji mbichi ikimwagiwa maji hutoa harufu kama ya mvua ya kwanza. Leo nimeisikia kwa mafundi wanaopandisha ukuta wa jirani yangu hapa Cheyo, nikajikuta niko Kanyenye, mtoto, nimeshika kanga ya bibi.

Baba alikuwa anajenga. Bibi aliizunguka nyumba yote, kisha akamwuliza fundi, "Baraza liko wapi?"

"Wageni watakaa sebuleni, bibi."

"Sebuleni anaingia niliyemkaribisha. Barazani anakaa hata niliyegombana naye."

Sote tulijua anamsema mama wa nyumba ya mbele. Walinuniana tangu mbuzi wake ale mihogo ya bibi iliyoanikwa, na sisi watoto tukakatazwa hata kuazima chumvi kule.

Fundi akajenga baraza refu, limeegemea ukuta na kutazama njia. Jioni yule mama akapita akitoka sokoni, ndoo kichwani, amechoka. Akaona kivuli, akaona pa kukaa. Akakaa.

"We mama, halijakauka!" fundi akapiga kelele.

Akainuka na saruji nyuma ya kanga. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe ulikuwa unasubiri nijenge!"

"Ungejenga mapema, dada, ningekuja mapema," akajibu, naye anacheka.

Fundi alitaka kulisawazisha lile bonde lililobaki pale alipokaa yule mama. Bibi akamkataza. Kila mgeni aliyeliulizia alijibiwa kwa majivuno: "Huo ni muhuri wa mama wa mbele. Nyumba hii imeshapitishwa."