Mbu wa Chumbani kwa Dada

Majirani walimwita Bi Mbu, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa maabara, kusoma vinasaba vya mbu wa malaria: nani ni jamaa wa nani, na ukoo upi umetoka wapi. Alimng'oa mbu mguu mmoja kwa kibanio, akausaga ndani ya kichupa, na mashine ikafanya mengine.

Dada yake alipokufa kwa malaria, mama yao alimgeukia shemeji, mume wa marehemu, mbele za watu. "Neti mnayo. Ungemchomekea vizuri mwanangu, asingekufa."

 Bi Mbu alikaa tu, anakoroga chai iliyokwisha kupoa. Kilio hakikumjia. Alikingoja kama mtu anayengoja chafya.

Alirudi kazini mapema. Wenzake walikuwa wametega mbu mtaani kwa dada, hata chumbani kwake. Vichupa vilipofika, mkuu wa maabara akataka kumpa mtu mwingine kazi hiyo.

"Niachie," alisema. "Mbu ni mbu."

Aling'oa miguu mpaka shingo ikakakamaa. 

Majibu yalikuwa wazi. Mbu wale walikuwa na jeni ya kuhimili dawa ya neti, na haikuzukia pale mtaani. Ilikuwa ile ile ya mbu wa ng'ambo ya milima. Ilikuja nao, wakairithisha watoto na wajukuu.

Alikwenda kwa shemeji, akamkuta anafua.

"Neti yenu ilikuwa na matundu?"

"Mawili, pembeni. Kila siku nasema nitayashona."

"Zamani mbu angegusa dawa akafa kabla hajaliona tundu. Hawa hawafi. Dada alikuwa analala ndani ya neti?"

"Siku zote. Namchomekea mwenyewe."

"Basi. Nitamwambia mama."

Shemeji akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa sauti. Bi Mbu akamalizia kufua shati, akalikamua, akalianika.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hao mbu wa milimani walifuata nini huku.

"Walikuja tu, mama."

 Baada ya siku kadhaa mama alimpelekea mkwewe chakula, akakiacha mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.

Bi Mbu alipoambiwa alisema, "Afadhali," akaenda kulala.